Kitabu Kilichotutuma Jikoni

 Safari hii tunaandika habari ya chakula. Siyo habari ya mgao, hiyo mnaijua wote, wengine mnaijua kwenye foleni na wengine kwenye ripoti. Hii ni habari ya chakula tulichokisoma kitabuni, kikatutoa mate, kikatutuma jikoni, halafu kikatugombanisha na mama mmoja tunayemheshimu sana.

Sisi tuko kambini, mkoa wa Kigoma. Kila Jumamosi mchana tunakutana kwenye kibanda cha mikutano kusoma. Wengi wetu asili yetu ni Kivu ya Kusini, Fizi na Uvira, na wengine ni Warundi. Kitabu huwa ni kimoja, kwa hiyo mmoja anasoma kwa sauti na sisi wengine tunasikiliza. Akichoka anampa mwenzake. Ukikosea neno unachekwa, lakini unachekwa kwa upendo.

Kitabu chenyewe kilikuwa Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah. Aliiandika kwa Kiingereza mwaka 1994, na baadaye Ida Hadjivayanis akaileta kwa Kiswahili. Mwalimu mmoja wa kujitolea, mtu wa Tanga, ndiye aliyetuletea nakala. Alitwambia tu, "Huyu mzee alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, na aliondoka kwao Zanzibar akiwa kijana kama ninyi." Basi, hiyo ilitosha. Tukaanza.

Hatukufika mbali. Mwanzoni kabisa mwa hadithi kuna mtoto wa miaka kumi na miwili anaitwa Yusuf. Kwao hali ni mbaya, chakula ni cha kubahatisha. Lakini kuna mgeni anayepita pale mara moja moja, mfanyabiashara tajiri anaitwa Aziz, na akija huyo nyumba inabadilika. Mama anapika. Kuna mchuzi wa kuku, kuna mchuzi wa nyama ya kusaga. Kuna wali unaong'aa samli, una zabibu kavu na lozi. Kuna maandazi na mahamri yamejaa kikapuni, yamefunikwa kitambaa. Kuna mchicha wa nazi. Na mwishoni kuna samaki mkavu aliyebanikwa kwenye makaa yaliyobaki baada ya mapishi yote.

Dada aliyekuwa anasoma akanyamaza. Tukadhani amekwama kwenye neno. Kumbe anameza mate. Mmoja akasema, "Rudia hapo." Akarudia. Mwingine akasema, "Rudia tena, polepole, kuanzia kwenye wali." Jamani, tulirudia ukurasa ule mara tatu. Siku ile hakuna aliyeendelea na hadithi.

Tulijiuliza, kwa nini maneno haya yanatuuma hivi? Picha za chakula tunaziona kila siku kwenye simu. Pilau za watu, kuku wa watu, keki za harusi za watu tusiowajua. Tunapitisha kidole tu, hatuhisi kitu. Kwa nini mistari michache isiyo na picha itufanye tukae kimya?

Kaka mmoja, Mrundi wa Makamba, alisema jambo ambalo tumelishika mpaka leo. Alisema picha ya kwenye simu imepigwa na mtu aliyeshiba, lakini chakula cha kitabuni kinaangaliwa na mtoto mwenye njaa. Tukaangalia tena, tukaona ni kweli. Mtu aliyeshiba hahesabu zabibu kwenye wali. Haoni kwamba kikapu kimefunikwa kitambaa. Mtoto Yusuf ndiye anayeona hayo yote, kwa sababu amesimama pembeni na mate yanamjaa. Mwandishi hana haja ya kukwambia kwamba chakula ni kitamu. Anakupa macho ya mtoto, basi, mengine unayamaliza mwenyewe.

Halafu likatokea jambo lingine. Tukaanza kusema kila mtu anatamani nini, na hakuna hata mmoja aliyetaja wali wa zabibu! Sisi zabibu hatuzijui. Dada wa Fizi akasema anataka sombe iliyotwangwa ikalainika, iive na mawese mpaka iwe nyeusi, na mugebuka ndani. Mwingine akasema ugali wa muhogo, ule unaovutika, siyo huu wa mahindi. Yule wa Makamba akasema maharagwe na ndizi za kupika kwenye sufuria moja, ya mama yake. Akarudia: ya mama yake. Kila mmoja aliingia kwenye nyumba ya Yusuf akatokea kwenye jiko la kwao.

Lakini siyo wote walifurahi. Mwenzetu mmoja alikasirika. Alisema, "Mnajichezea. Mgao umepunguzwa, dengu zinaisha kabla ya mwezi, na ninyi mnakaa hapa kusomeana wali. Hii ni kula harufu." Akatukumbusha kisa cha Abunuwasi, kile cha maskini aliyekula ugali wake karibu na jiko la tajiri ili apate harufu ya nyama, tajiri akamshtaki alipe. Abunuwasi akaamua: kwa kuwa huyu amekula harufu, basi wewe ulipwe mlio wa pesa. Akazigonga sarafu, tajiri akasikia, kesi ikaisha. "Sawa," akasema mwenzetu, "Abunuwasi alishinda kesi. Lakini mwambieni yule maskini, jioni ile alishiba?"

Hatukuwa na jibu. Na tunakiri mpaka leo kwamba swali lake ni la haki. Kuna siku chakula cha kitabuni ni mateso. Ukiwa na mtoto nyumbani analia, hutaki kusomewa mahamri. Kama uko kwenye siku hizo, ruka maandishi haya, utayasoma mwezi mwingine. Hatutakasirika.

Sisi lakini tayari tulikuwa tumeshaumwa na hamu. Tukaamua: Jumamosi inayofuata tutapika. Hatutapika karamu ya Yusuf yote, tutapika kile kinachowezekana. Tukagawana kazi. Wawili watafute mchele kidogo. Watatu walete lengalenga kutoka kwenye vibustani vya nyuma ya nyumba. Wengine karanga, wengine dagaa na samaki mkavu, na kila mtu aje na kuni mbili.

Kuni tunazitaja makusudi. Kwa wasiojua, kambini kuni ni jambo zito kuliko chumvi. Kuzifuata mbali ni hatari, hasa kwa dada na mama zetu. Kwa hiyo mtu akikuletea kuni mbili, usidhani amekuletea miti tu.

Tatizo lilikuja kwenye mchele. Mchele haupo kwenye mgao wetu, lazima ununue au ubadilishe. Dada mmoja kati yetu alichukua makopo mawili ya unga wa mahindi nyumbani kwao, bila kusema, akaenda kubadilisha sokoni. Alipata mchele usiofika hata nusu ya unga alioupeleka. Mama yake alipopima unga jioni akajua. Mama wa kambini anajua unga wake ulipofika, hata usiku bila taa.

Jumamosi tukiwa tumeshawasha moto, mama akaja. Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni pa kibanda, akatuangalia, akaangalia sufuria. Akauliza, "Batoto bangu, kitabu kinaivisha maharagwe?"

Tukainamisha vichwa. Binti yake alianza kulia. Tulimwomba mama msamaha, tukamwahidi kwamba tutarudisha unga, kila mmoja kikombe kimoja kutoka kwenye mgao unaofuata. Mama akasema, "Mtarudisha. Na nitapima." Halafu tukadhani ataondoka. Hakuondoka. Alikuwa anaangalia lengalenga zetu. Akasema, "Na hizi nani alizikata hivi? Mumekata kama munalisha mbuzi."

Akavua viatu, akaingia.

Basi tueleze tulivyopika, kwa sababu wengine mtauliza. Nazi hatukuwa nayo. Kigoma ni nchi ya michikichi, mawese yapo, lakini minazi ni ya Pwani, na nazi ikifika huku bei yake siyo ya kwetu. Tulitumia karanga. Zikaangwe kidogo kwanza, zitwangwe kwenye kinu mpaka zitoe mafuta, zikorogwe na maji ya vuguvugu, ndipo zimwagwe kwenye lengalenga iliyokwisha kuiva. Sisi tulitaka kuzimwaga mapema. Mama akatukataza: ukiwahi, karanga zinashika chini na kuungua, na utakula moshi. Moto upunguze, koroga bila kuacha, subiri uone mafuta yanapanda juu. Wali ulikuwa mdogo, vijiko viwili vitatu kwa mtu. Tuliunga na tone la mawese, ukawa wa rangi ya machungwa. Samli hatukuigiza.

Kisha moto ukafa. Tulikuwa tunataka kumwagia majivu, mama akasema ngoja. Akachukua migebuka mikavu miwili na dagaa waliobaki, akavilaza juu ya makaa yale ya mwisho. Havikuhitaji mafuta wala kuni nyingine. Harufu ilitoka pale, jamani, watoto wa jirani walikuja wenyewe.

Hapo ndipo yule msomaji wetu alipiga kelele, "Kitabu! Kitabu!" Tukafungua ukurasa. Samaki mkavu, juu ya makaa yaliyobaki ya mapishi mengine. Kilekile. Mwalimu wa Tanga akasema kwao Pwani samaki wa namna hiyo wanamwita ng'onda. Tulikuwa tumeusoma mstari ule mara tatu na hatukuujali, macho yetu yote yalikuwa kwenye wali wa samli. Kumbe katika karamu yote ya mgeni tajiri, chakula kimoja kilikuwa chetu tangu zamani, na mama huyu ambaye hakuwahi kusikia jina la kitabu alikipika bila kusomewa. Anayepika akiwa hana kingi hauachi moto ufe bure. Mama yake Yusuf alilijua hilo, mama yetu huyu analijua, na yule aliyeandika bila shaka aliliona jikoni kwa macho yake.

Tulikula. Kila mtu alipata kidogo. Hakuna aliyeshiba, tusidanganyane. Mama alikula amesimama, akasema karanga zingeweza kutwangwa zaidi, akamchukua binti yake wakaenda.

Sasa sikilizeni sehemu ngumu.

Jumamosi iliyofuata tuliendelea na hadithi, tukajua kwa nini yule mgeni alikuwa anapikiwa vile. Baba yake Yusuf ana deni kwa Aziz. Deni halilipiki. Mwisho Aziz anaondoka na mtoto. Yusuf anapanda treni akidhani anakwenda kutembea, kumbe amewekwa rehani. Yule aliyepikiwa wali wa zabibu ndiye anayemchukua.

Kibanda kilikuwa kimya. Neno rehani sisi tunalijua. Kuna kadi za mgao za jirani zetu zinalala kwenye maduka kwa sababu ya deni la sabuni na dawa. Dada mmoja akasema kwa hasira, "Kwa hiyo wiki iliyopita tulipika chakula cha huyo mtu?" Mwingine akasema angejua asingekula. Tukabishana sana. Wengine walisema mama yake Yusuf alipaswa kukataa kupika. Wengine wakasema angekataaje? Mwenye deni akija kwako, unampa kilicho bora na unatabasamu. Chakula kizuri huwa kinaelekea kwa mwenye nguvu, na mtoto anabaki na harufu.

Hapo tukajikumbuka wenyewe, na hili tunawaambia wafanyakazi wa misaada kwa heshima, maana kati yenu tuna marafiki wa kweli. Wageni wenu wakija na magari kutembelea kambi, na sisi tunapika. Kuku aliyekuwa anangojewa kwa mwezi mzima anachinjwa siku hiyo. Mnakula, mnasifu, mnapiga picha. Mlangoni kuna Yusuf amesimama. Hatusemi kwamba ninyi ni Aziz. Mgeni kwetu ni baraka, na mkikataa chakula mnatuumiza zaidi. Tunasema tu, mkikaribishwa sahani, geuza kichwa kidogo uangalie mlangoni. Mwite huyo mtoto mle pamoja.

Tukauliza pia, huyu mwandishi aliwezaje kukumbuka mpaka kitambaa cha kikapu? Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948. Baada ya mapinduzi ya 1964 mambo yaliharibika, naye akaenda Uingereza akiwa kijana wa miaka kumi na nane. Riwaya zake ameziandika huko. Maana yake wali ule na mchicha ule wa nazi uliandikwa na mtu aliye mbali na nazi, kwenye nchi ya baridi. Chakula kile kimetoka kwenye kumbukumbu. Ndiyo maana kina harufu.

Na hapa ndipo tulipofika mahali ambapo hatukutegemea. Wengi wetu tumezaliwa hapa. Wazazi wa baadhi yetu walivuka ziwa mwaka 1996, wakiwa na sufuria kichwani na mtoto mgongoni. Fizi hatujaiona. Ile sombe ya mawese yenye mugebuka mnono wa kutoka ziwani asubuhi, ile tuliyoililia siku ya kwanza, wengine wetu hatujawahi kuila hata mara moja! Tumesikia tu. Mama alitusimulia tukiwa wadogo, usiku, uji ukiwa mwepesi: "Kwetu tulikuwa tunakula hivi, tunakula vile." Kwa hiyo kabla hatujafungua kitabu chochote tulikuwa tumeshalishwa hadithi. Kwetu sisi nyumbani ni hadithi ya chakula, na msimuliaji wa kwanza ni mama.

Labda ndiyo sababu tulikimbilia jikoni. Mtu aliyesimuliwa chakula miaka ishirini anataka siku moja ahakikishe kama hadithi ni ya kweli. Huwezi kuvuka ziwa kesho. Lakini unaweza kutwanga karanga, ukaweka mawese, ukamwita mama aonje, ukamwangalia usoni. Akisema "hapana, siyo hivi", umejifunza kitu. Akinyamaza na kufumba macho kidogo, umefika Fizi kwa dakika moja.

Yule mwenzetu wa Abunuwasi bado hajakubali. Anasema dakika moja haijazi tumbo, na tusije tukawapa watu sababu ya kusema wakimbizi wanashiba kwa vitabu. Tumeliandika neno lake hapa kama alivyosema, kwa sababu tuna hofu hiyohiyo. Wanaopanga misaada wana kipimo cha kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Tunaomba kipimo hicho kifike kwenye sahani. Hakuna riwaya inayoweza kukaa mahali pake. Ila kikifika, kumbukeni pia kwamba mtu anataka kupika na siyo kulishwa tu. Mbegu za lengalenga, kinu cha pamoja, jiko linalokula kuni kidogo, ruhusa ya kibustani: haya ni mambo madogo, lakini ndiyo yanayomfanya mtu aseme "leo nimepika" badala ya "leo nimepokea".

Nanyi vijana wenzetu, tunawaomba kazi moja. Mfuateni mama, bibi, shangazi, au mzee yeyote wa karibu, mmuulize sufuria moja tu ya kwao. Usiulize "chakula cha asili yetu ni nini", atakujibu kama yuko kwenye semina. Muulize: ulikuwa unaweka nini kwanza? Nani alikuwa anatwanga? Kitambaa cha kufunikia kilikuwa cha rangi gani? Mtoto alikuwa anasimama wapi? Andikeni, mtutumie. Sisi tumeshakusanya kumi na moja, na tatu kati ya hizo hazikubaliani kabisa juu ya chumvi kwenye sombe. Vita hiyo mtatusaidia kuimaliza.

Unga tumeurudisha. Siku ya mgao kila mmoja alipeleka kikombe chake, na mama alipima kweli, mbele yetu, akausawazisha kwa kiganja. Ulizidi kidogo. Aliuliza ule wa ziada ni wa nini. Tukamwambia ni wa Jumamosi, kama ataruhusu, na kwamba bado hatujajua kubanika samaki bila kumuunguza.

Akasema tuje na kuni.